Nyamaza, Tumeshampiga

Mimi na wifi yangu tumezeeka tukifuta makamasi ya watoto wa watu. Silalamiki, nasema tu. Asubuhi, jua halijakaa sawa, geti linagongwa. Ukifungua unakabidhiwa mtoto ambaye bado ana usingizi, mfuko wa nguo, na maneno mawili matatu: "Jana alikohoa," au "Hajanywa chai," halafu mama mtu huyoo, anakimbilia kazini. Mpaka jioni mtoto ni wetu. Atalia kwetu, atakojoa kwetu, ataumwa tumbo kwetu. Jioni mama yake akija, wanakumbatiana kama waliopotezana vitani, na mtoto anaondoka bila hata kugeuza shingo. Mimi nimeshazoea. Wifi yangu bado humpungia mkono.

Nyumba ni ya marehemu kaka yangu. Alipofariki alimwachia mkewe vyumba vitatu, ua wenye ukuta, na mimi. Sina mume, sina mtoto, nina mdomo. Wifi yangu mdomo hana, ila ana mikono: anaweza kumbeba mmoja kiunoni, kumvua wa pili suruali iliyolowa, na kumnyang'anya wa tatu sabuni anayoitafuna, yote kwa mara moja na bila kupandisha sauti. Watoto wanamwita Bibi. Mimi napika, nafua na nafoka, kwa hiyo wananiita Bibi Mkali. Cheo nimekipokea.

Sasa niwaambie jambo moja la wifi yangu, maana ndilo lililotufikisha hapa. Mtoto akianguka, wifi yangu haanzi na pole. Tuseme mtoto amejigonga kwenye kiti. Atamnyanyua, atamweka kiunoni, kisha atakigeukia kile kiti amekitolea macho.

"Wewe kiti! Umemuumiza mtoto wangu? Mbaya wewe! Chukua! Chukua!"

Kofi linalia paa kwenye ubao. Halafu anashika kiganja cha mtoto, "Haya, na wewe mpige," na mtoto huku machozi yanamchuruzika anapiga, paa. "Umeona? Nyamaza sasa, tumeshampiga."

Na mtoto ananyamaza. Wallahi, ananyamaza palepale, kama umefunga bomba. Nani asiyejua dawa hiyo? Mama yangu alinipa, mama yako alikupa. Ila wifi yangu aliizidisha kipimo. Katika nyumba ile hapakuwa na kitu ambacho hakijala kofi. Meza, ndoo, kizingiti, ukuta. Kabati ndilo lililokula mengi kuliko vyote kwa sababu lina tabia ya kubana vidole. Hata karai langu la kufulia, masikini, siku moja nililikuta linachapwa na watoto wanne kwa zamu, na kosa lake sikuambiwa.

Wazazi walimpenda kwa hilo. "Kwa Bibi mtoto halii," walikuwa wanaambiana, na ndivyo walivyozidi kuja.

Ndivyo alivyokuja na baba wa Bondia. Huyu ni mlinzi wa ghala moja kubwa upande wa pili wa barabara, bwana mrefu, mkimya, sare imepigwa pasi mpaka imeng'aa. Mkewe alikuwa ameugua muda mrefu na hatimaye amezikwa, hata miezi haijapita mingi. Alisimama getini na mtoto mkono mmoja, kandambili za mtoto mkono wa pili, na mfuko wa nguo ameubana kwapani, hajui aanze kutua kipi. Wifi yangu akamtua vyote. Mtoto alikuwa mdogo, masikio makubwa, macho ya kuuliza. Wiki za kwanza hakucheza kabisa. Alishika pindo la gauni la wifi yangu na kulifuata kila lilipokwenda, msalani pia.

Jina la Bondia nilimpa baadaye, alipofikisha miaka minne, alipoanza kupiga.

Alikuwa anapiga kweli. Kiganja wazi, paa, shavuni au mgongoni, na aliyepigwa anaruka. Tukimtenga pembeni anakaa pembeni. Tukimkanya anaitikia, "Ndiyo Bibi." Kesho yake anapiga tena. Jambo lililonitia baridi ni kwamba hakuwa na hasira. Mtoto mwingine akipiga unamwona amevimba, ananyang'anya kitu, analia yeye mwenyewe. Huyu wapi! Anakuja taratibu kama mtu aliyetumwa, anapiga, anaondoka zake. Nilimwambia wifi yangu, huyu amezoea kuona kazi hii ikifanyika.

"Wapi?" akaniuliza.

"Kwao, wapi tena?"

Akageukia dirishani, akamtazama yule mtoto. Hapo nikajua na yeye ameshawaza hivyohivyo.

Kisha akapigwa Kipusa. Kipusa ni binti wa Mama Saluni, na Mama Saluni mnamjua hata kama hammjui: kucha, manukato, na sauti ya kuita teksi iliyo mtaa wa tatu. Siku hiyo nilikuwa jikoni. Nikasikia kichanga chetu, yule mdogo kuliko wote aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama, kinalia. Nikasema aa, kimeanguka, wifi yupo. Mara nikasikia paa, na kilio cha pili juu ya cha kwanza. Nilipofika mlangoni Kipusa ameshika shavu, Bondia amesimama mbele yake na mkono bado uko juu. Jioni alama za vidole zilikuwa bado zinasomeka.

Mama Saluni hakupiga kelele mara moja. Alimtazama mwanawe shavu, akaweka pochi chini. Mwanamke huyo akiweka pochi chini ujue kazi ipo.

"Nani?"

"Ni watoto, mwanangu," wifi yangu akasema. "Nimemkanya."

"Yule wa mlinzi." Hakuuliza. "Bibi, mtoto anafanya anachokiona. Kuna asiyejua hilo? Mwanamume yuko peke yake, hana mke, kutwa nzima kashika rungu. Akirudi nyumbani na uchovu wake anamshushia nani? Jibuni nyie!"

Hao aliowaambia jibuni walikuwa wazazi wenzake pale getini, na walijibu. Mmoja alisema amewahi kumwona mlinzi akimvuta mtoto mkono barabarani. Mwingine alisema watu wakimya ndio wabaya. Mimi nikatia langu, nikasema mtoto hazaliwi na kofi mkononi. Tulikuwa tumesema kweli tupu, na kila mtu aliitikia kwa kichwa.

Siku iliyofuata wifi yangu alimkalisha baba mtu. Chumba cha mbele hakina viti vya wakubwa, kwa hiyo alikaa kwenye stuli ya watoto, magoti yamefika kidevuni, kofia ameishika mapajani. Mimi nilikuwa nakunja nguo. Nguo zilikuwa zimekunjwa zamani, nilikuwa nazikunja tena.

"Baba, nisamehe. Nitakuuliza jambo usikasirike. Unampiga?"

"Nani?"

"Mtoto."

Alimtazama kama hakusikia vizuri. "Mama, mimi hata sauti ya kumpandishia sina. Nikifika nyumbani nimechoka, naye amechoka. Tunakula, tunalala. Ningempiga saa ngapi?"

"Basi amejifunza wapi?"

"Mimi ndiye nilitaka nikuulize wewe," akasema, kwa adabu kabisa, na mimi nikamwona mjanja. Mpiga mtoto gani amewahi kukubali?

Akatueleza na la moyoni. Mama mkwe wake anamtaka mjukuu tangu siku ya msiba. Ni mbali huko, safari ya siku nzima na zaidi, na kwa kazi yake ya zamu angemwona mtoto mara moja kwa mwaka, ikibahatika. Amekuwa akimjibu bibi huyo kwamba asiwe na wasiwasi, amepata mahali pazuri, mtoto analelewa na watu wazima wenye huruma. Hilo ndilo jibu lake moja. "Nikimwambia amefukuzwa kwa kupiga watoto, atamtuma mjomba wake aje amchukue, na sitakuwa na la kusema. Na mimi, mama, huyu ndiye niliyebaki naye."

Wifi yangu alimshika bega. Lakini wazazi walikuwa wameshakaa kikao chao saluni, nywele zikisukwa, na ujumbe ulitufikia: ama Bondia anaondoka Ijumaa, ama Jumatatu hawaleti mtoto hata mmoja. Wifi yangu alizunguka na neno hilo siku nzima, kalimeza, kalitapika, na jioni akamwambia baba mtu kwamba Ijumaa iwe mwisho. Yule bwana alisema, "Sawa, mama." Akamvalisha mtoto kandambili. Usiku huohuo akampigia simu mama mkwe, na mjomba akapangwa kufunga safari Jumamosi.

Nilijisikiaje? Nilijisikia nimepumua. Siwezi kuwaficha, nilisema afadhali, tupate amani.

Ijumaa wifi yangu alikuwa anatoka jikoni na sinia la vikombe, vimeoshwa, vimepangwa, hata mbele yake haoni. Bondia alikuwa amechuchumaa nyuma ya mlango anapanga vifuniko vya soda mstari. Mguu wa wifi yangu ukakutana na mgongo wa mtoto. Nikasikia vikombe, kisha nikasikia kishindo kizito ambacho si cha vikombe. Nilipofika alikuwa chini, goti limejipinda chini yake, uso umekuwa wa majivu.

"Wifi! Wifi yangu! Umevunjika?"

"Sijui," akasema. "Subiri kidogo. Usiniguse."

Watoto wote wakaja. Wakasimama duara, vidole mdomoni. Bibi hajawahi kuwa chini. Bibi ndiye huokota walio chini. Wakaanza kuangalia huku na huku, na mimi kwa ujinga wangu sikuelewa wanatafuta nini mpaka mmoja aliposema, "Nani mbaya?"

"Sinia," mmoja akasema.

"Mlango."

Kipusa akanyoosha kidole. "Siyo mlango. Ni yeye. Bibi ameangukia kwake."

Wakamtazama Bondia. Na Bondia akatazama mlango, akatazama vifuniko vyake, akatazama mahali alipokuwa amechuchumaa. Nilimwona anapiga hesabu. Ilipomwingia, hakukimbia, hakukana. Alinyanyua mkono wake, kiganja wazi, akajipiga usoni. Paa.

"Mbaya wewe!" akasema. "Umemuumiza Bibi? Chukua! Chukua!"

Kwa sauti ya wifi yangu. Yaani ni sauti yake kabisa, na macho ameyatoa vilevile, ila hapakuwa na wa kutolewa macho. Akajipiga tena. Halafu akasogea, akamshika wifi yangu mgongoni kwa kile kiganja, taratibu, akamwambia, "Nyamaza sasa, Bibi. Nimeshampiga."

Wifi yangu alikuwa halii. Mpaka hapo alikuwa amejikaza kwa maumivu ya goti. Ila aliposikia maneno yale machozi yalimtoka kama mtu aliyefiwa.

Na Bondia akaona machozi. Dawa haijafanya kazi, basi haijatosha. Akarudi palepale mahali pake akajipiga tena, safari hii kwa nguvu, shavu hili na shavu lile, "Chukua! Chukua!" na kila akipiga anamwangalia Bibi kama amenyamaza. Bibi hanyamazi. Anazidi. Mtoto naye anazidi. Masikio yale makubwa yamekuwa mekundu, na bado hana hasira, jamani, hana hasira hata chembe, amekazana tu kama mtu anayetaka kumaliza kazi aliyopewa.

"Wifi, nyamaza!" nikapiga kelele. "Nyamaza, hataacha mpaka unyamaze!"

Akanielewa. Sijui alitoa wapi nguvu. Alimeza kile kilio, akafuta uso kwa mkono wa gauni, akatabasamu. "Nimenyamaza, baba," akamwambia. "Ona. Nimenyamaza. Njoo." Bondia akashusha mkono. Akaja akakaa kwenye mguu wake mzima, mashavu yamevimba, na wifi yangu akavishika vile viganja viwili akavifumba ndani ya vyake, hakuviachia mpaka nilipomaliza kuokota vikombe.

Baadaye nikamlaza kitandani, nikamwekea kitambaa cha maji baridi gotini.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini? Ulikuwa huoni mbele, sinia limekuziba."

"Wifi, ni mimi niliyemfundisha. Kila siku anayoamka, ananiona napiga. Mtu akilia, Bibi anatafuta aliyemliza, anampiga, kilio kinaisha. Kwani mtoto anajuaje kwamba kiti hakiumii na Kipusa anaumia?"

Nikakumbuka kile kilio cha kichanga, kilichotangulia. Nikaenda nikamwita Kipusa, nikamuuliza kwa upole wote nilionao, ambao si mwingi: siku ile ulimsukuma mdogo? Akasema alikuwa anakimbia, akamkumba. Nikaanza kuwakumbuka wengine mmoja mmoja. Yule aliyepigwa kwa sababu alikalia mkono wa mwenzake. Yule aliyemnyang'anya mwenzake mpira. Hakuna hata mmoja ambaye Bondia alimpiga kwa ajili yake mwenyewe. Nikakaa kwenye ndoo.

Jioni wifi yangu alikokota mguu mpaka getini, kaniegemea mimi, akawaeleza wazazi. Alieleza vizuri, bila kujitetea. Akasema Bondia haondoki.

Mama Saluni alimsikiliza mpaka mwisho. "Kupiga kiti!" akasema. "Bibi, leo umeangukia goti au kichwa? Sote tumelelewa hivyo. Mimi nimepigiwa viti vingapi na mama yangu? Nimempiga nani?"

Watu wakacheka. Nilikuwa na jibu la swali hilo, majirani zake wanalo pia, lakini wifi yangu alinibana mkono. Mama Saluni akachukua pochi, akachukua Kipusa, na watatu wanne wakachukua wa kwao na mifuko ya nguo. Geti lilifungwa na kufunguliwa mpaka nikachoka.

Baba wa Bondia alifika wa mwisho, na begi dogo la kubebea nguo za mtoto. Alipoona mashavu ya mwanawe alisimama. Wifi yangu akamkalisha kwenye stuli ileile, akamwambia yote, akamwomba radhi kwa swali alilomuuliza siku ile. Yule bwana aligeuza kofia mapajani.

"Nyumbani anapiga kitanda," akasema. "Kile alichougulia mama yake. Usiku mimi huwa... mtu mzima ana mambo yake usiku. Nikidhani amelala, nasikia anakipiga kitanda. Nilifikiri ni utundu. Nikamwambia aache, akasema, 'Basi wewe nyamaza, baba.'"

Mimi nilitoka nje. Nilikuwa na nguo za kuanua.

Kupitia dirisha nilimsikia akimpigia simu mama mkwe, anaeleza, anarudia, anasema ndiyo mama, hapana mama. Niliporudi ndani akatuambia mjomba hafungi tena safari kesho. Mtoto amepewa mwezi mmoja. Akisikika amempiga mtoto wa mtu ndani ya mwezi huo, mjomba anafunga safari.

Mwezi ule sitamani urudi. Dawa ya kunyamazisha ilikuwa imepigwa marufuku na hatukuwa na nyingine. Mtoto akianguka, wifi yangu alikuwa anamwendea na mikono mitupu. Hakuwa anajua aifanyie nini. Mwishowe akawa anakaa naye chini, palepale alipoangukia. Goti lake halikuwa limepona, na mpaka leo halijapona, kwa hiyo kukaa kwenyewe ni kazi: anashika ukuta, anateremka kidogo kidogo, na anaguna, "Yalaaa, magoti haya, Mungu wangu." Akishafika chini anamuuliza mtoto, "Imeuma, eeh?" Mtoto anaitikia. "Lia. Mimi nipo hapa." Basi. Hakuna zaidi. Na watoto, mkiwaambia walie, wanalia! Walilia kwa raha zao, kwa zamu, kwa pamoja. Halafu kazi ya kumnyanyua wifi yangu kutoka chini ni ya nani? Nimekuwa kreni.

Mimi mwenyewe siku moja kabati lilinibana kidole. Kabla sijajijua nimeshalizaba kofi, "Pumbavu wewe!" Nikageuka. Watoto wote wameacha kucheza, wananitazama, na Bondia ameanza kunyanyuka. Ikabidi nikae chini, mtu mzima mimi, niseme imeniuma. Wifi yangu mlangoni anaziba mdomo asicheke.

Mama Saluni alimrudisha Kipusa baada ya wiki moja. Walezi wengine hufungua milango saa ambayo yeye ameshachelewa kazini. Hakuomba radhi, alisema tu, "Namwangalia yule mtoto," na kila jioni alikuwa anamkagua Kipusa mashavu kama mtu anayekagua nyanya. Nasi tulimwangalia. Mara ngapi nilikimbilia mlangoni! Mtoto analia, Bondia anasimama, mkono unaanza safari, na wifi yangu anaita jina lake la kwao, lile la kweli, taratibu. Mkono unabaki hewani, haujui uende wapi. Siku moja aliipiga ndoo. Siku nyingine aliupiga ukuta mpaka kiganja kikavimba. Hakumpiga mtoto yeyote. Ila kilio cha mwenzake kilikuwa kinamtesa, nilimwona anavyoziba masikio, na nilijua siku moja mkono utafika.

Mwezi ulipoisha baba yake alikuja kumchukua jioni kama kawaida, na simu ikaita akiwa bado yuko getini. Akapokea wima, kama yuko kazini. Mimi na wifi yangu tuliacha tulichokuwa tunafanya.

"Ndiyo, mama. Hapana, mama, hajampiga mtu. Unaweza kumuuliza Bibi wake, yuko hapa. Ndiyo." Kisha akasikiliza, kofia ameivua. "Nimekusikia, mama. Asante. Asante sana, mama."

Akaingia ndani. "Amesema mtoto abaki," akatuambia, na akakaa kwenye stuli ya watoto, magoti kidevuni. Akafunika uso kwa kofia ya sare. Mabega yakaanza kutikisika.

Bondia alikuwa anavaa kandambili. Akaiacha moja. Akamtazama baba yake, halafu akaanza kutazama huku na huku, nami nikajua anatafuta nini: aliitazama stuli, akautazama mlango, akaitazama ile simu iliyokuwa pajani kwa baba yake. Mkono ukanyanyuka. Wifi yangu alifungua mdomo kumwita.

Mtoto akauweka ule mkono ukutani. Akateremka kidogo kidogo, mguu mmoja ameunyoosha mbele, uso ameukunja, mtoto wa miaka minne ambaye goti halijawahi kumuuma maishani mwake.

"Yalaaa," akaguna. "Magoti haya, Mungu wangu."

Akafika chini, kando ya kiatu cha baba yake, akajiweka sawa.

"Imeuma, eeh?" akamuuliza. "Lia. Mimi nipo hapa."